Mbwa Anayetikisa Kichwa: Somo Juu ya Maradhi ya Masikio

Mtu afugaye mbwa ili alinde boma, duka au kundi la mbuzi humtegemea mnyama huyo kwa masikio yake zaidi ya macho yake. Usiku, mwenye nyumba akiwa usingizini, mbwa husikia nyayo za mgeni zikiwa bado mbali. Wataalamu wamelipima jambo hilo. Sikio la kijana mwenye afya husikia sauti zenye mitetemo ipatayo 20,000 kwa sekunde. Sikio la mbwa husikia hata zile zenye mitetemo 45,000 hivi. Walakini kiungo hicho chenye thamani ndicho ambacho wenye mbwa wengi hawakitazami hata mara moja kwa mwezi, mpaka siku kinapoanza kunuka.

Katika somo la juma hili tutaeleza jinsi sikio la mbwa lilivyoumbwa, mambo yanayoliharibu, na namna ya kulitibu. Neno moja twapenda msomaji alishike tangu mwanzo, nalo ni hili: usitie kitu chochote ndani ya sikio la mbwa mgonjwa kabla halijatazamwa na kujulikana kilichomo. Sababu za onyo hilo zitaonekana kadiri tunavyoendelea.

SIKIO LILIVYOUMBWA

Sikio lina sehemu tatu: ya nje, ya kati na ya ndani. Sehemu ya nje ni lile jani tunaloliona, pamoja na mfereji unaoingia kichwani. Mfereji wa sikio la mtu umenyooka karibu sawa. Wa mbwa sivyo. Kwanza hushuka kuelekea taya, kisha hupinda kona na kuingia ndani ya kichwa, mfano wa herufi L. Urefu wake kwa mbwa wengi ni baina ya sentimita 5 na 10, kwa kadiri ya ukubwa wa mbwa mwenyewe. Mwisho wake umezibwa na kiwambo, yaani ngozi nyembamba iliyowambwa kama ngoma. Nyuma ya kiwambo kuna chumba kidogo chenye vifupa vitatu vinavyopitisha sauti. Na nyuma ya chumba hicho ndiko kiliko chombo chenyewe cha kusikia, pamoja na kile kinachomwezesha mnyama kusimama na kutembea bila kuyumba.

Kona ile ina faida yake, kwa maana inakilinda kiwambo kisichomwe kwa urahisi. Lakini pia ina hasara. Maji yakiingia hayatoki upesi, uchafu hutuama, na hewa haipiti vizuri. Tena jicho haliwezi kuona kilicho nyuma ya kona. Mtu anayelitazama sikio la mbwa wake kwa macho matupu ameuona mlango wa nyumba tu, wala hajaona chumbani.

Sikio zima hujisafisha lenyewe. Ngozi ya mfereji hukua ikisogea polepole kutoka penye kiwambo kuelekea nje, nayo huchukua nta na vumbi pamoja nayo. Kwa hiyo nta kidogo ya rangi ya manjano au hudhurungi, isiyonuka, si ugonjwa. Mbwa mwenye masikio safi hana haja ya kuoshwa masikio kila siku. Kuyaosha kupita kiasi kwaweza kuilainisha ngozi mno na kufungua njia ya maradhi.

DALILI ZA UGONJWA

Mbwa hana kinywa cha kusema, lakini husema kwa vitendo. Mwenye mbwa na aangalie mambo haya:

Kwanza, mbwa hutikisa kichwa mara kwa mara, au hulikuna sikio kwa mguu wa nyuma, au hulisugua chini na ukutani.

Pili, sikio hutoa harufu mbaya, kama ya hamira iliyochacha au ya kitu kilichooza.

Tatu, ndani ya sikio mna wekundu, joto na uvimbe, au mnatoka nta nyeusi, maji au usaha.

Nne, mbwa hulia au hugeuka kwa ukali akiguswa sikio, au hukataa kutafuna chakula kigumu. Dalili hii ya chakula huenda ikawa ni ya maumivu ya sikio la kati, ambalo li karibu na kiungo cha taya.

Tano, mbwa huinamisha kichwa upande mmoja, hupepesuka, huzunguka mahali pamoja, au macho yake huchezacheza bila kutulia. Dalili hizi zaonya kwamba pengine ugonjwa umekwisha kuvuka kiwambo na kuingia ndani. Mbwa wa namna hiyo hafai kungojeshwa hata siku moja. Na apelekwe kwa daktari wa mifugo mara moja.

MAMBO YANAYOLETA UGONJWA

Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wakiona usaha husema, "Sikio limeingiwa na vijidudu," nao hutafuta dawa ya kuviua. Ni kweli kwamba vijidudu vimo. Lakini bakteria na kuvu wa jamii ya hamira hukaa katika ngozi ya mbwa mwenye afya pia, kwa uchache, bila kumdhuru. Huongezeka pale tu ngozi inapovimba na kuwa na majimaji. Hao ni kama fisi wanaokuja penye mzoga. Si wao waliomwangusha mnyama. Ukiwafukuza leo bila kuliondoa jambo lililowaita, watarudi baada ya mwezi. Basi yafaa tuyajue mambo yanayowaita.

1. Utitiri wa masikio. Huyu ni mdudu mdogo sana mweupe, ambaye wataalamu humwita Otodectes cynotis. Hukaa juu ya ngozi ya mfereji na kula magamba na majimaji yake. Mwasho wake ni mkali, na uchafu wake huwa mkavu na mweusi kama unga wa kahawa. Hushika sana watoto wa mbwa, na huambukizwa kwa kugusana, hata baina ya mbwa na paka. Tangu yai hata mdudu mzima hupita kama majuma matatu. Kwa hiyo dawa inayotumika siku mbili tatu kisha ikaachwa haitoshi, kwa maana mayai yaliyobaki yataangua. Tena haifai kumtibu mbwa mmoja na kuwaacha wenzake. Mbwa na paka wote wa nyumba hiyo na watibiwe pamoja.

2. Kupe na nzi. Kupe wa mbwa mwenye rangi ya hudhurungi hupenda kujificha masikioni na katikati ya vidole. Kupe aliye kwenye jani la sikio na ashikwe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, avutwe polepole bila kupindwa. Asichomwe kwa moto wala asimiminiwe mafuta ya taa. Kupe aliyeingia ndani ya mfereji aachiwe daktari. Ama nzi wa zizini wanaouma, hao huzila ncha za masikio, hasa ya mbwa ambao masikio yao husimama, mpaka zikatoka damu na kuwa vidonda. Mbwa anayefungwa karibu na lundo la samadi hupata taabu hii sana.

3. Mbegu za nyasi. Wakati wa kiangazi, nyasi zikikauka, kuna mbegu zenye ncha kali na vinywele vinavyoelekea nyuma. Mbegu ya namna hiyo ikiingia sikioni huendelea mbele tu, wala hairudi, na yaweza kukitoboa kiwambo. Mbwa aliyetoka machungani akiwa mzima, kisha ghafula akaanza kutikisa kichwa kwa nguvu upande mmoja, huenda ana mbegu sikioni.

4. Mzio. Hii ndiyo sababu kubwa ya ugonjwa wa masikio unaorudi kila mara kwa mbwa wazima. Mwili wa mbwa hukataa vumbi fulani, chavua ya mimea, au aina fulani ya chakula, na ngozi huwasha. Mbwa kama huyo mara nyingi hulamba miguu yake na kujikuna makwapani na tumboni, na masikio yake yote mawili huvimba. Ikidhaniwa kwamba chakula ndicho kisa, daktari humwekea mbwa chakula kimoja maalumu kwa muda usiopungua majuma 8, bila kuonja kitu kingine chochote. Mtoto mmoja akimtupia mfupa wa kuku kwa huruma, hesabu yote huharibika.

5. Maji na maumbile. Mbwa wanaoogelea, na mbwa wenye masikio marefu yanayoning'inia kama wale wa aina ya Cocker Spaniel, hupata ugonjwa kwa wepesi zaidi, kwa sababu sikio lao hukaa na unyevu na joto. Mbwa wa kienyeji mwenye masikio yaliyosimama ana nafuu kwa jambo hilo, lakini kupe, utitiri na mbegu za nyasi havichagui umbo la sikio.

KWA NINI TUSITIE DAWA KWA KUBAHATISHA

Katika vijiji vingi, na mijini pia, utamwona mtu akimimina katika sikio la mbwa wake kile alichonacho karibu: mafuta ya taa, spiriti, mafuta machafu ya gari, dawa ya kuogeshea ng'ombe, au matone yaliyobaki baada ya mtoto kutibiwa hospitalini. Nia yake ni njema, bali tendo lake ni la hatari, kwa sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni kiwambo. Kama kimetoboka, chochote kinachomiminwa hupita moja kwa moja hadi katika sikio la kati, na pengine la ndani. Hata dawa zilizo njema kwa kidonda cha ngozi, kama vile zile za jamii ya jentamisini, zaweza kuua usikivu wa mbwa zikifika huko, au kumfanya apepesuke. Usikivu uliopotea kwa njia hiyo kwa kawaida haurudi. Mwenye mbwa alitaka kuponya mwasho, naye amepoteza mlinzi.

Sababu ya pili ni kwamba vitu vikali huiunguza ngozi iliyokwisha kuvimba. Uvimbe huongezeka, mfereji huwa mwembamba zaidi, na ukiendelea miezi mingi hujaa nyama ngumu hata ukaziba. Hapo dawa haina pa kupita, na huenda mfereji wote ukapaswa kuondolewa kwa kisu cha daktari.

Sababu ya tatu ni kipimo. Dawa ya sindano ya ng'ombe iitwayo aivamektini, ambayo wafugaji wengi wanayo nyumbani, imetengenezwa kwa mnyama wa kilo mamia. Tofauti ndogo ya kipimo kwa mbwa mdogo yaweza kumletea kutetemeka, upofu, hata kifo. Zaidi ya hayo, mbwa wa aina ya Collie na baadhi ya jamaa zao hurithi udhaifu ambao kwa huo dawa hiyo hupenya hadi kwenye ubongo. Siku hizi ziko dawa zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa, za kupaka mgongoni au za vidonge, ambazo huua utitiri na kupe bila hatari hiyo zikitumiwa kwa kipimo cha daktari.

ATAKAYOFANYA DAKTARI

Daktari wa mifugo ana chombo chenye taa na mrija, ambacho kwa hicho huiona kona ile na kiwambo kilicho nyuma yake. Kisha huchukua uchafu kidogo, huupaka kwenye kioo, na kuutazama kwa hadubini. Kwa kazi hiyo fupi hujua kama waliomo ni utitiri, kuvu au bakteria. Na kila mmoja ana dawa yake. Ikiwa mbwa ana maumivu makali, humlaza kwanza kwa dawa ya usingizi, kisha huliosha sikio lote.

Dawa akiitoa itumike kwa siku zote alizoagiza, ambazo mara nyingi ni baina ya majuma 2 na 4. Harufu hukoma mapema kuliko ugonjwa. Mtu akiacha dawa siku ya tano kwa kuona sikio limekauka, bakteria waliobaki ni wale wenye nguvu, nao baadaye hawasikii dawa ile tena. Yafaa mbwa arudishwe atazamwe kabla dawa haijaachwa. Katika Kenya, madaktari wa mifugo huandikishwa chini ya sheria ya mwaka 2011. Mwenye mbwa ana haki ya kuuliza kama anayemtibia mbwa wake ameandikishwa.

NAMNA YA KUOSHA SIKIO

Kazi hii hufanywa baada ya daktari kusema kwamba kiwambo ni kizima, na kwa dawa ya kuoshea aliyoitoa. Watu wawili wahitajiwa: mmoja amshike mbwa, wa pili aoshe. Mbwa mwenye maumivu aweza kumuma hata bwana wake, kwa hiyo afungwe mdomo kwa ukanda wa kitambaa, si kwa kukaza mno, naye aweze kupumua.

Lishike jani la sikio na kuliinua juu taratibu, ili mfereji unyooke. Mimina dawa yenye uvuguvugu mpaka mfereji ujae. Dawa baridi humshtua mbwa. Shika chini ya sikio, penye mzizi wake, ukande polepole kwa muda wa nusu dakika. Utasikia mlio wa majimaji. Mwachie mbwa atikise kichwa, kwa maana kutikisa huko ndiko kunakoutoa uchafu. Mwisho pangusa kwa pamba iliyozungushwa kidoleni, usiende mbali kuliko kidole kinapofika. Usitumie kijiti chenye pamba ndani ya mfereji, maana husukuma uchafu nyuma ya kona na chaweza kukitoboa kiwambo. Nawa mikono kwa sabuni.

Mahali ambapo daktari yu mbali na safari itachukua siku, uchafu ulio kwenye jani la sikio waweza kupanguswa kwa kitambaa safi kilicholowekwa katika maji ya chumvi: kijiko kidogo kimoja cha chumvi, kisichofurika, kwa nusu lita ya maji yaliyochemshwa na kupoa. Maji hayo ni ya kupangusia nje tu, wala yasimiminwe ndani.

SIKIO LILILOVIMBA KAMA MTO

Mbwa anapotikisa kichwa siku nyingi, mishipa midogo ya damu iliyo ndani ya jani la sikio hupasuka. Damu hukusanyika baina ya ngozi na gegedu, na jani zima huvimba, laini na lenye joto, kama mto mdogo. Wengine hulitoboa kwa sindano ya kushonea au wembe. Lisifanywe hilo, damu hujaa tena, na uchafu ukiingia hupatikana jipu. Daktari huitoa damu, na pengine hushona jani ili ngozi ishikamane tena. Lakini asipoitibu sababu ya kutikisa kichwa, sikio litavimba tena.

MBWA MKALI SI LAZIMA AWE NA KICHAA

Kuna jambo kubwa la kusema juu ya hasira ya mbwa. Kichaa cha mbwa kimejulikana Kenya tangu mwaka 1912, na watu wana haki ya kukiogopa, kwa maana mtu dalili zikishamtokea huwa ni vigumu mno kupona. Lakini mbwa mwenye maumivu ya sikio naye hunguruma, hujificha, na humuma anayemgusa kichwa. Mbwa wa namna hiyo amekuwa akipigwa mawe na watoto au kuuawa na jirani, kumbe alikuwa na mbegu ya nyasi sikioni.

Wala kosa la upande wa pili si dogo. Mtu asiseme, "Ni sikio tu," akaingiza mkono mdomoni mwa mbwa aliyebadilika tabia ghafula, anayetokwa na mate au anayeshindwa kumeza. Kutofautisha si kazi ya mwenye mbwa. Mfungie peke yake mahali pasipofikiwa na watoto, kisha umwite daktari. Mtu aliyeumwa na aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa muda wa dakika 15, kisha aende hospitalini siku ile ile bila kungoja kuona mbwa atakuwaje. Na mbwa aliyechanjwa kila mwaka humwondolea bwana wake sehemu kubwa ya hofu hii.

KINGA

Chagua siku moja ya juma, iwe ndiyo siku ya masikio. Geuza jani la sikio, tazama rangi yake, na unuse. Sikio zima ni la waridi lililofifia au rangi ya ngozi ya mbwa mwenyewe, kavu, lisilonuka. Kazi hii haichukui dakika mbili, na mtoto wa mbwa aliyezoezwa hivyo hatapigana na daktari akiwa mkubwa. Mkague mbwa kila atokapo machungani wakati wa nyasi kavu. Kausha masikio yake baada ya kuogeshwa. Ondoa samadi karibu na banda lake. Mpe dawa ya kupe kwa wakati wake.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Sikio lenye mwasho wa siku tatu ni ufa. Sikio lililoziba ni ukuta, na ukuta huo hujengwa kwa kisu na kwa fedha nyingi.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Mfereji wa sikio la mbwa watofautianaje na wa mtu, na tofauti hiyo yaleta hasara gani?
2. Kwa nini kuua bakteria peke yake hakuponyi sikio linalougua kila mara?
3. Mbwa wako ana utitiri wa masikio, na nyumbani mna paka mmoja. Utamtibu nani, na kwa nini dawa isikome upesi?
4. Taja sababu tatu za kutomimina dawa sikioni kabla kiwambo hakijatazamwa.
5. Mbwa wa jirani amekuwa mkali ghafula. Utafanya nini kwanza?

Msomaji aliye na mbwa na amsomee somo hili yule mtoto anayempelekea mbwa chakula chake jioni, kwa maana mara nyingi ndiye anayeona kwanza kwamba mbwa ameinamisha kichwa.